Sanduku Lisilotaka Kulala

Wapo watakaokuambia kwamba jini hakai penye nyaya na umeme, kwamba yeye makazi yake ni magofu na mapango. Waache na elimu yao. Katika nyumba ya mpigapicha aliyeitwa Hafuti mambo yalianza na kitu kidogo hata kukitaja ni aibu: sanduku lilikataa kulala.

Sanduku lenyewe lilikuwa seva ndogo ya nyumbani, nyeusi, si kubwa kuliko kopo la biskuti. Lilikaa ndani ya kabati koridoni, baina ya chumba cha wazazi na chumba cha mtoto. Ndani yake mlikuwa na diski mbili zilizobeba kila picha ambayo Hafuti alipata kuipiga maishani, harusi, mahafali, pasipoti za watu waliokwisha kufa, na simu na kompyuta na televisheni ya nyumba hiyo zote zilichota humo. Ili diski zisichakae kabla ya siku zake, aliziwekea amri kwamba zisipoguswa kwa muda zisimame, zipumzike. Zikilala ungesikia mlio unashuka polepole kama feni iliyozimwa, halafu kimya. Kimya hicho Hafuti alikipenda kuliko wimbo.

Siku ya kwanza alizisikia mchana, jua likiwa la utosi. Alikuwa amerudi kutoka studio kuchukua betri ya kamera. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alikuwa dukani kwake. Mama mkwe, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa amejilaza. Mtoto alikuwa shule. Hakuna aliyeshika simu wala aliyewasha televisheni. Na ndani ya kabati diski zilikuwa kazini, kru-kru, zinatulia, kru-kru, zinatulia, kama mtu anayefunua albamu na kusita kwenye kila ukurasa.

Alifungua kabati. Taa ya kijani ilikuwa inapepesa. Akaweka kiganja juu ya sanduku akalikuta la moto.

"Nani anakutumia wewe mchana huu?" akaliuliza, nusu utani, kisha akachukua betri yake akaenda zake.

Jina la Hafuti alipewa na wateja, na lilimstahili. Bibi harusi ametoka amefumba macho, hafuti. Picha imetoka giza tupu kwa sababu kifuniko cha lenzi hakikuondolewa, hafuti. Wapigapicha wenzake walimtania kwamba siku ya kiyama malaika watakuja kwake kuazima kumbukumbu. Lakini sababu haikuwa ya kuchekwa. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na katika kuhamahama kwa ukoo picha zote za marehemu zikapotea. Alikumbuka mikono yake. Alikumbuka harufu ya sabuni kwenye nguo zake. Uso ndio haukuwepo, na kila alipojitahidi kuuona aliona weupe mtupu. Ilimuuma sana, na aliapa kwamba hakuna uso mwingine utakaompotea, sembuse wa binti yake.

Binti huyo walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Aliamka akisema, alilala akisema, na alipopiga mswaki alisema na mapovu. Kila asubuhi kabla ya shule baba yake alimsimamisha kwenye ukuta wa korido, mahali palepale, akampiga picha moja. Hakuruka hata siku moja tangu mtoto alipoletwa nyumbani amefungwa blanketi, na picha zote hizo zilikaa kwenye sanduku, ndani ya folda yenye jina lake. Na kwa jina hilohilo wazazi nao waliitwa, Mama Chiriku na Baba Chiriku. Mtaani hapakuwa na aliyejua majina yao mengine, na wao wenyewe walikuwa karibu kuyasahau.

Basi lile kru-kru halikukoma. Kila mchana, jua linapokaa katikati, diski ziliamka. Hafuti aliwahi kupoteza diski, ikaenda na harusi nzima ya watu, na aibu yake anaikumbuka hadi leo. Aliujua mwisho wa diski isiyopumzika. Akaanza msako. Kwanza aliishuku televisheni, ambayo ina tabia ya kuchungulia sandukuni hata ikiwa imezimwa, akaichomoa. Akamwomba mkewe azuie simu yake isipakie picha mchana. Akaiondoa programu iliyokuwa ikitengeneza vijipicha vidogovidogo vya kila folda. Hata maandishi ya mashine yenyewe, yale inayojiandikia kila kitu kinapotokea, aliyahamishia kwenye flashi ili diski zisisumbuliwe kwa sababu ya umbea.

"Sanduku lako lina minyoo," Bibi akamwambia huku akichambua mboga. "Lipe dawa."

"Ndiyo ninayolipa, mama."

"Kipimo chako kidogo. Hiyo minyoo imeshiba, inacheza."

Wakacheka. Kila alipoondoa sababu moja, jioni diski zililala, naye akajipongeza. Kesho yake mchana zikaamka tena.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa ya marashi ya waridi, lakini yaliyochacha, kama ya chupa iliyosahaulika juani. Mshonaji alidhani mama yake amemwaga kitu; Bibi alidhani binti yake ameanza kujipulizia ovyo. Walinuniana karibu wiki kwa ajili ya marashi ambayo hakuna kati yao aliyekuwa nayo. Hafuti aliwaacha na ugomvi wao, kwa kuwa alikuwa ameshafungua kabati, na alijua inatoka wapi.

Siku moja alifunga studio mapema, akarudi nyumbani kabla ya jua kufika kati. Alibeba skrini na kibodi, akaviunganisha na sanduku moja kwa moja, kisha akachomoa kebo ya mtandao. Sasa sanduku lilikuwa peke yake duniani. Hakuna simu iliyoweza kulifikia, wala kompyuta, wala jirani mwenye vidole virefu. Akakaa sakafuni akasubiri, Bibi akikoroma taratibu chumbani.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Halafu diski zikaanza kuzunguka, mlio ukapanda, kru-kru, na kwenye skrini majina ya picha yakaanza kupita, moja baada ya nyingine, polepole, kila moja ikisubiriwa. Yote yalikuwa ya folda moja. Chiriku siku aliyoletwa. Chiriku kesho yake. Chiriku anapiga chafya. Aliitafuta programu inayozisoma akakuta hakuna. Akazima moja baada ya nyingine kila iliyoweza kuzimwa, hadi mashine ikabaki haina inachokifanya isipokuwa kuwaka, na bado majina yakapita. Yalikwenda mpaka mtoto akajua kukaa, akajua kusimama, akaota meno ya mbele, na pale alipoanza kuvaa viatu yakakatika ghafla. Diski zikalala.

Kesho yake alikaa tena. Kilichokuwa kinasoma kilianza mwanzo, tangu kwenye blanketi, na kikafika mbali kuliko jana.

Hapo Hafuti akafanya jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulifanya, akazifungua zile picha azitazame. Alikuwa mtu wa kupiga na kuweka, kupiga na kuweka, na moyo wake ulitulia kwa kujua tu kwamba zipo. Alifungua ya kwanza akaona mtoto mchanga, mzuri, macho yake yakitazama kando kidogo ya lenzi, akasema watoto wachanga ndivyo walivyo. Akafungua ya katikati akaona binti anayecheka, na macho yake nayo yako kando, kushoto, juu. Akafungua nyingine na nyingine, na katika kila moja, awe analia au anacheka, awe na nywele au kanyolewa, Chiriku alikuwa akitazama mahali pamoja palepale, nyuma ya bega la kushoto la aliyeshika kamera, kwa urefu wa mtu mrefu kuliko baba yake, na Hafuti akakumbuka vizuri kabisa, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kwamba asubuhi zote hizo alimwambia mtoto atazame kamera na mtoto alitazama kamera.

Alizifunga. Hakuthubutu kutazama upande wa kushoto.

Jioni ile, akimfungua mtoto viatu, aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za shule.

"Chiriku, asubuhi nikikupiga picha, unamtazama nani?"

"Nakutazama wewe." Mtoto akachezesha vidole vya mguu. "Lakini yule naye anataka nimtazame."

"Yupi?"

"Anayesimama nyuma yako. Mwambie asinisome sana, baba, nachoka."

Hafuti alivuta kiatu, akakivuta tena, hakitoki. "Anakusoma vipi?"

"Anaanza nikiwa mtoto mchanga, anakuja, anakuja. Anasema akifika hapa nilipo tutaondoka wote."

"Anakuambia kwa mdomo?"

"Hana mdomo," akasema Chiriku, akishangaa baba kutojua jambo jepesi namna hiyo. "Ana macho tu."

Usiku Hafuti alimweleza mkewe, wakiwa wamejifunika shuka mpaka kichwani kama watoto. Alidhani atachekwa. Mshonaji hakucheka. Aliuma ncha ya shuka kwa muda mrefu.

"Na wewe umelijua hili tangu lini?"

"Nilidhani ni hitilafu ya mashine."

"Baba Chiriku," akasema kwa upole uliomtisha mumewe kuliko ukali, "mwanangu nampenda kuliko mashine zako zote. Kesho tunaita mtu."

Mtu aliyeitwa alikuwa mganga mfupi, mwenye mafua, aliyekuja na dawa zake kwenye mfuko wa plastiki na kupenga kamasi kila baada ya sentensi mbili. Aliomba maji ya kunywa. Aliomba kiti. Akalitazama kabati wazi kwa muda, akatikisa kichwa.

"Mimi la mashine silijui, msije mkanidai," akasema. "Lakini huyu namjua. Huyu ni mtazamaji. Hana chake. Hula kilichowekwa na mwenyewe kisha kikasahauliwa. Hizi picha, baba, huwa unazitazama?"

Hafuti akasema, "Ninaziweka."

"Sikuuliza kama unaziweka."

Mshonaji akamgeukia mumewe. Naye akainamia miguu yake mwenyewe.

"Basi mmempikia sufuria nzima mkaifunika vizuri," akasema mganga. "Dawa yake ni moja. Zifutwe, zote. Kwa mkono uliozipiga, mtoto akiwa amesimama mbele yenu, mama yake akimwita jina mpaka iishe ya mwisho, ili mtoto abaki kwenu na picha ndizo ziende. Na sikiliza vizuri, usizifiche. Wengi hudhani kuficha ndiyo kufuta. Ukimficha mtoto wako asionekane na mtu yeyote, atabaki wa yule mmoja anayeona gizani."

Mganga akawasha mafusho mbele ya kabati. Jua lilikuwa linapanda kuelekea kati. Diski ziliamka kwa kishindo ambacho hawajapata kukisikia, si kru-kru tena bali mkwaruzo mmoja mrefu usiopumua, na ile harufu ya waridi bovu ikajaa koridoni mpaka Bibi akaziba pua kwa ukingo wa nguo. Mshonaji alimsimamisha binti yake ukutani, akapiga magoti mbele yake, akamshika mabega.

"Chiriku," akaanza kuita. "Chiriku. Chiriku."

"Nipo, mama."

"Chiriku. Chiriku."

Hafuti alikaa mbele ya kibodi. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Amri ya kufuta alishaiandika, ilibaki kuibonyeza tu, na kwenye skrini aliona jina la ile picha ya kwanza, ya blanketi. Ndipo akauona ule weupe alioubeba tangu utotoni, mahali uso wa mama yake ulipopaswa kuwa. Akawaza, na huyu akifa je? Na mimi nikizeeka je, nikauliza alikuwaje akiwa mdogo, nani atanionyesha? Huruma ya mtu kwa nafsi yake ni mwizi wa nyumbani, mbwa hambwekei. Mkono wake ukafuta yale maneno, ukaandika mengine. Aliagiza mashine, pale kwenye kitovu cha amri zake zote, kwamba kila chenye jina la Chiriku kirukwe: kisisomwe, kisionyeshwe, kisitafutwe, kisikaguliwe, na yeyote wala chochote, mpaka hapo atakapoamuru vingine. Kisichoonekana hakitazamwi, akajiambia. Picha zitabaki salama na mtazamaji atakosa chakula. Alijiona amepiga ndege wawili kwa jiwe moja.

"Chiriku," mkewe aliita, sauti imekauka. "Chiriku."

Akabonyeza.

Ule mkwaruzo ukakatika. Mlio ukashuka, polepole, ukashuka, ukazima. Folda ikatoweka kwenye skrini. Harufu nayo ikaondoka mara moja, na hewa ya korido ikawa ya kawaida, ya viatu na mafusho.

"Zimekwisha?" akauliza mshonaji.

"Zimekwisha."

Mganga alimkazia macho, pua yake inachuruzika naye hajaipangusa. "Mficha uchi hazai, Baba Chiriku. Nakuuliza mimi sasa. Zimekwisha?"

"Zimekwisha, mzee."

Mganga akakusanya vitu vyake. Mlangoni alimpa mtoto mkono, akaushika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Mchana ulipita kimya. Diski zililala kama walevi, na Hafuti akipita koridoni alikuwa akiegesha sikio kwenye kabati kwa raha. Bibi na binti yake walipatana. Asubuhi hapakuwa na picha tena. Chiriku alipita pale ukutani akikimbia, akisema habari za rafiki yake mwenye pengo.

Kisha jioni moja Bibi akapakua chakula akaweka sahani tatu.

"Bibi, na mimi?" akasema Chiriku.

Bibi akaendelea kupakua. Mtoto akarudia. Mshonaji akainua macho, akacheka, "Mama, mjukuu wako leo umemnyima?" Bibi akashtuka, akajipiga paji la uso, akaomba radhi, wakamtania sana kuhusu uzee. Lakini Hafuti aliona jambo moja. Mkewe mwenyewe, kabla ya kuinua macho, alikuwa ameshakula matonge mawili.

Kesho yake mtoto alirudi amenuna. Mwalimu amemruka kwenye mahudhurio. Siku nyingine akarudi kwa miguu peke yake, kwa sababu dereva wa gari la shule aliondoka huku yeye akigonga ubavu wa gari. Jirani alimkuta mshonaji dirishani akamsalimia, "Hujambo, Mama," kisha akasita, mdomo wazi, akitafuta, akamalizia tu, "mama wewe," wakacheka wote wawili bila kujua wanacheka nini. Na asubuhi moja mshonaji alimwita mumewe amletee taulo, "Baba," akasema, jina lisifuate, na alipotoka bafuni uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Hafuti alijua. Tusimtetee, alijua, akajitia hamnazo. Kuiondoa amri ile maana yake ni diski kuamka, na diski kuamka maana yake ni kumwambia mkewe kwamba alimdanganya mbele ya mganga, mtoto akiwa amepigiwa magoti. Akajipa siku, halafu akajiongezea nyingine. Na Chiriku, ambaye mdomo ulikuwa hauna breki, akaanza kusema kidogokidogo, kwa kuwa kusema peke yako kunachosha hata ukiwa mtoto. Alikuwa akimfuata baba yake nyumba nzima ameshika pindo la shati lake. Alilala katikati ya wazazi, na mama yake alijigeuza usingizini mara nyingine akamlalia mkono, hakusikia akilia.

"Baba," akanong'ona mtoto usiku mmoja, "yule hanisomi tena."

"Si ndiyo vizuri?"

"Amekaa tu pembeni ya kitanda. Anasema sasa hana haja ya kusoma."

Kulipopambazuka tu Hafuti aliinuka, akambeba mtoto mpaka koridoni, akamkalisha sakafuni kando yake, akaunganisha skrini na kibodi.

"Chiriku, mwanangu, sema. Sema chochote, usinyamaze hata kidogo. Shika shati langu."

"Niseme nini?"

"Habari za yule mwenye pengo."

Na mtoto akasema, kwa ile sauti yake ya zamani, kwamba yule mwenye pengo jino lake alilitia mfukoni likapotea na mfuko ulikuwa na tundu, na baba yake akaandika amri ya kuirudisha folda, mashine ikajibu hakuna kitu chenye jina hilo, na mtoto akasema tundu lile lilishonwa na mama kwa uzi mwekundu ingawa sare ni ya buluu, na baba akakumbuka kwamba aliificha kwa yeyote na kwa chochote, na yeye mwenyewe ni yeyote, akaanza kuutafuta ule mstari wa amri katikati ya mistari mingine yote, na harufu ya waridi ikapanda kutoka chini ya mlango wa kabati, na mtoto akasema mwalimu alicheka na wao wakacheka, na sauti ikawa kama inatoka chumba cha pili, akasema baba nitazame, baba usiangalie huko niangalie mimi, na yeye akajibu subiri nakaribia, macho yake kwenye skrini, kwa kuwa alikuwa amezoea tangu zamani kumweka kwanza na kumtazama baadaye, na sauti ikawa kama inatoka kwa jirani, na ule mstari akauona, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuuondoa, kidole kikafika, kikasimama.

Alikuwa amekaa sakafuni koridoni, mbele ya skrini. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia. Miguu ilimfa ganzi.

Akajaribu kukumbuka alichokuja kufanya hapo. Lazima ni habari ya diski, ndiyo iliyokuwa inamsumbua. Akasikiliza. Diski zilikuwa zimelala fofofo. Kwenye skrini palikuwa na mstari wa amri ulioagiza jina fulani lirukwe, chiriku, na yeye akaukunjia uso. Hawakuwahi kufuga ndege katika nyumba ile. Pengine ni jina la programu aliyoizuia zamani. Kwa vyovyote, mashine iliyotulia haichokonolewi. Akaondoa kidole, akazima skrini.

Alipoinuka aliona pindo la shati lake limekunjamana vibaya, na lina unyevu.

Tangu hapo nyumba ile ni tulivu. Watu watatu, sahani tatu. Chumba cha pili wamekifanya stoo, ingawa Bibi hapendi kuingia humo, anasema kinanuka marashi. Mshonaji alikuta dukani kwake gauni dogo la buluu, limekatwa na kushonwa nusu, kwa vipimo alivyovijua mikono yake bila kuvisoma popote. Akauliza wateja wote, hakuna aliyelidai. Alikaa nalo mapajani akalia mpaka kazi ikamlalia, na alipoulizwa na mumewe analia nini alikasirika, kwa kuwa hakujua. Wawili hao hawaitani tena kwa jina lolote. Huitana "wewe" au "sikia".

Jambo moja tu lilibaki. Kila asubuhi miguu ya Hafuti ilimpeleka koridoni, mikono yake ikanyanyua kamera, akajikuta ameuelekea ukuta mtupu. Alikuwa akijicheka na kuondoka. Asubuhi moja, bila kufikiri, akabonyeza.

Akaitazama picha ile kwenye kioo cha kamera. Ulikuwa ukuta. Chini, kwenye urefu wa kiunoni pake, palikuwa na kitu chenye ukungu, kama kitu kilichokuwa kikirukaruka kwa nguvu ili kionekane. Nyuma yake palikuwa na weusi mrefu, umetulia, umekiegemea. Lenzi chafu, akasema. Macho yakamlowa bila sababu, na kwa kitambo kidogo alisimama pale, kidole juu ya kitufe, kama anayesubiri kuitwa.

Hakuna aliyemwita. Picha haikuwa na mtu, haikuwa na kazi, na kwa mara ya kwanza tangu ashike kamera, akaifuta.

Ndani ya kabati diski zikaamka, kru-kru, mara moja tu. Kisha mlio ukashuka, polepole, zikalala.